Chaja Iliyobaki Misiera

Mmeniomba niandike kumbukumbu za kazi kwa ajili ya kijarida cha darasa lenu la kompyuta, kana kwamba mimi ni bibi mwenye pensheni. Nina miaka ishirini na tisa. Nimeacha ufundi wa laptop baada ya miaka saba, na sikuagwa hata kwa soda. Lakini nimekubali kuandika, kwa sharti kwamba msinitegemee kuwaambia bidii hushinda yote. Bidii ninaijua. Nimeiona ikishindwa zaidi ya mara moja, na safari moja ni bidii yangu mwenyewe iliyomwangusha mtu.

Baadhi yenu mnanijua. Nililetwa kambini Nakivale mtoto, mgongoni mwa shangazi, tukikimbia kutoka pande za Fizi, Kongo. Nikasoma hapa hapa, nikapata nafasi chuoni Mbarara, nikasoma fizikia. Nilipomaliza nilitafuta kazi ya fizikia, kisha nikatafuta kazi. Aliyenichukua alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyeanza kwa kutengeneza redio za jeshi, akahamia televisheni, akahamia simu, na mwisho laptop. Kila mtu alimwita Afande Rwabu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja Mbarara mjini, juu ya duka la dawa za mifugo. Mpaka leo nikinusa dawa ya kupe, mkono wangu unatafuta bisibisi.

Siku ya kwanza alinisukumia laptop mbovu mezani. "Wewe mutoto ya yunivasiti, fungua hii."

Nikaifungua kwa madaha, skrubu zote nikaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Akazitazama, akachagua moja ndefu na moja fupi, akaziweka kiganjani.

"Hii refu ikiingia nyumba ya hii fupi, inatokea wapi?"

"Sijui, Afande."

"Inatokea kwa motibodi. Inatoboa. Halafu kastoma analia, na wewe unalia, na mimi nacheka."

Akanipa kipande cha boksi na kalamu. Nichore umbo la mashine, nichome kila skrubu kwenye boksi mahali pake ilipotoka. Nilidhani ananidhalilisha. Baada ya juma moja nilikuwa nachora bila kuambiwa, na ninawashauri mfanye vivyo hivyo, hata siku mtakapojiona mmeiva. Hasa siku hiyo.

Msidhani palikuwa mahali pa huzuni tupu. Kuna mfugaji mmoja wa Endiinzi alileta laptop ya binti yake, kibodi inaandika yenyewe. Unafungua barua, herufi n zinakimbia ukurasa mzima kama ng'ombe walioona chumvi. Nikamuuliza kama imemwagikiwa na kitu.

"Maji. Maji kidogo tu."

Afande akainusa, akamgeukia kwa uso wa heshima zote. "Mzee, hii maji ilikuwa na ng'ombe."

Kumbukeni hilo: maji yakikauka, mara nyingi yamekauka. Soda huacha gundi, na gundi husafishika kwa spiriti na subira. Lakini maziwa huganda chini ya vitufe, huchacha, hula njia za shaba polepole, na mteja atarudi baada ya mwezi akisema umemharibia. Kibodi iliyonyweshwa maziwa usiisafishe. Ibadilishe.

Na wasichana, mtaulizwa fundi yuko wapi. Mtasema ni mimi. Wataangalia nyuma ya mlango. Niliulizwa hivyo mpaka mwaka wa saba. Sikuwahi kupata jibu zuri kuliko kuendelea kufungua skrubu.

Sasa nije kwenye ugonjwa niliokusudia kuwaandikia. Kosa la kudumu ni rafiki. Kitufe kilichokufa kimekufa. Unakipata, unakizika, unaendelea. Kosa linalokuja na kuondoka ndilo linalomla fundi. Mteja anasema haiandiki. Mbele yako inaandika. Anaona aibu, anaanza kujitetea kama mtu aliyempeleka mtoto hospitali na homa ikashuka mlangoni. Fundi mjinga humcheka. Fundi mwenye kiburi, kama mimi, humwamini, kisha hujiamini zaidi.

Afande alikuwa na boksi la kibodi za zamani, zile za kuchomeka kwa waya, nyingine zimepoteza vitufe viwili vitatu. Kila mashine yenye kosa ambalo chanzo chake hakijaonekana, hata kama imekaa siku tatu bila kusumbua, alimpa mwenye mashine kibodi moja aende nayo. Aliita mkongojo. "Mguu ikikataa njiani, huyu atafika na mkongojo."

Mimi nilichukia mikongojo ile. Nilikuwa nimesoma. Kwangu, kumpa mtu mkongojo ilikuwa kukiri mbele ya mteja kwamba hatukujua tulichofanya. Nilimwambia Afande hivyo.

"Na tulijua?" aliuliza.

Alikuwa pia na sheria kuhusu chaja. Mashine isiyokuja na chaja yake haipokelewi. Angekurudisha hata kama umetoka Kabale. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Mashine inakuja na ndugu yake." Mimi nilitaka sababu, si ndugu. Ninauliza kila kitu, ndivyo nilivyo. Chuoni waliniita Kwanini. Sheria isiyoweza kujieleza mimi huiona kama ushirikina wenye sare, na hiyo ya chaja niliiweka humo.

Josiane alikuja siku ya Ijumaa, akitokea Nakivale. Mama wa Kirundi wa miaka arobaini na kitu, mrefu, ameshika laptop kifuani imefungwa kwa kitenge. Afande alikuwa amekwenda Ibanda kwenye mazishi, mimi nipo peke yangu. Aliketi kabla sijamkaribisha na kuanza kueleza, na maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko ya mteja yeyote niliyewahi kumsikiliza. Baadaye nilijua kwa nini: alikuwa muuguzi Bujumbura miaka mingi, amezoea kumwelezea daktari mgonjwa asiyejisemea.

"Siyo kila mara, dada. Saa ingine inaandika vizuri, saa ingine haiandike hata. Naiwasha, inaniuliza neno la siri, mie nafinya, hakuna. Inabaki inaniangalia tu. Nazima, nawasha, nazima. Mara ya tatu ao ya nne, inaandika."

"Ikishawaka inakatika katikati?"

"Apana. Ikikubali kuingia, imekubali mpaka mwisho. Ni pale mlangoni tu."

Niwaeleze mashine yenyewe. Mradi mmoja wa mafunzo ulikuwa umewagawia kina mama kumi wa Misiera, kijiji kimojawapo cha Nakivale, laptop zenye mfumo wa Linux, diski zimefungwa kwa neno la siri, kisha mradi ukaisha kama inavyoisha. Diski ikifungwa hivyo, kabla ya picha yoyote kutokea unapata skrini nyeusi yenye mstari mmoja: andika neno la siri. Hakuna kishale, hakuna cha kugusa. Kibodi ikikataa hapo, umesimama nje ya nyumba yako mwenyewe.

"Chaja iko wapi?" nilimuuliza, kwa mazoea.

Josiane akainama. "Chaja imebaki Misiera."

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na wenzangu wa Nakivale mtalielewa haraka kuliko watu wa mjini. Chaja za mradi zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine. Imebaki moja, ya kununua sokoni, inayotumiwa na wote. Inatundikwa msumarini kwenye duka la mtu anayeuza umeme wa sola, na kila mama ana siku yake. Chaja ile haitoki Misiera. Ukiondoka nayo, wengine watatu wanne wanakaa gizani, na ukirudi utasikia ukiimbwa.

"Ijumaa ni ya Mama Divine," alisema. "Siwezi kuondoka nayo. Wataniambia nini?"

Afande angemrudisha. Angesema mashine inakuja na ndugu yake, na Josiane angerudi Nakivale, angeomba, angegombana na Mama Divine, na angekuja Jumatatu na chaja. Lakini Afande hakukulia Nakivale. Mimi ndiye niliyejua kupanda pikipiki kwa vumbi mpaka kwenye teksi, na teksi kusubiri ijae. Mimi ndiye niliyejua zamu. Nilimwonea huruma kwa sababu nilimjua.

"Usijali, mama," nikasema. "Chaja tunazo nyingi hapa."

Akafurahi, akaniambia kilichomleta. Hospitali za nchi moja ya mbali zilikuwa zinachukua wauguzi, na zilikubali vyeti vyake ambavyo hapa havikumpatia kazi. Kilichobaki ni mtihani wa mtandaoni. Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Mlango unafungwa saa tatu na robo. Kila mwombaji nafasi moja, hakuna kurudia. Miaka sita alikuwa akilima maharage kwenye kipande cha ardhi ambacho mvua ikikosea kinatoa mawe, na usiku akisoma vitabu vya uuguzi asije akasahau dozi.

"Mtoto wa jirani alikata mguu na jembe," alinisimulia. "Nilimshona kwa macho tu. Mikono inajua, karatasi haijui."

Nikafungua mashine. Vumbi jekundu, lile la kwetu. Utepe wa kibodi, ile kebo bapa inayoingia kwenye motibodi, nikauchomoa, nikausafisha, nikaurudisha mpaka ukabana. Nikafuta chini ya vitufe. Kisha nikaongeza agizo dogo kwenye Linux, liamshe upya kidhibiti cha kibodi, kile kinachopokea vitufe, kila mashine inapowaka. Vitu vitatu kwa mkupuo mmoja. Angekuwa mwanafunzi kwenye maabara amefanya hivyo ningemkata alama: ukibadilisha vitatu pamoja, ikipona hujui kilichoponya, na kama haijapona hujui hata hilo.

Nilitafuta pia kumbukumbu za mashine, maana Linux huandika kila inapowaka ilikuta nini. Zilikuwepo za siku ilipokubali tu. Siku ilipokataa diski haikufunguliwa, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kuandika. Kosa lile lilikuwa halina nyayo. Fundi mwenye akili angeshtuka. Mimi niliona ukurasa safi.

Nikachomeka chaja yangu nzuri ya karakana kwenye umeme mzuri wa mjini, nikaiwasha mara ishirini. Nikazima kabisa, nikawasha. Nikaiwasha ya moto, nikaiwasha ya baridi. Mara ishirini ikaandika.

"Imepona?" Josiane aliuliza.

"Mara ishirini, mama."

"Nimesikia ishirini. Nauliza, imepona?"

Muuguzi yule aliniuliza swali ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameulizwa na ndugu za wagonjwa maisha yake yote. Alijua uzito wake. Nilimtazama machoni.

"Imepona."

Akacheka, akaifunga kitenge, akanibariki kwa jina la Bikira Maria. Boksi la mikongojo lilikuwa chini ya meza, linagusa kiatu changu. Kumwambia afanyie mtihani wake hapo karakanani hakukunijia kichwani. Ya nini? Ilikuwa imepona.

Afande alirudi Jumapili, na Jumatatu asubuhi akapitia daftari la mashine zilizotoka.

"Hii ya Nakivale. Ilikuwa nini?"

"Utepe, nadhani. Au kidhibiti."

"Unadhani." Akavua miwani. "Ulipea yeye mkongojo?"

"Afande, imewaka mara ishirini."

"Na chaja yake ulitumia?"

"Yake iko Misiera. Ni ya watu wengi."

Akapangusa miwani kwa shati. Kisha akasema, taratibu, kama anayeongea na redio, "Sasa mimi nauliza wewe, Kwanini. Ilipona, ama ilinyamaza?"

Nilikasirika. Nilimwambia tofauti ya maneno hayo haipimiki. Akasema kare, yaani sawa, akarudisha miwani. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Namba ya Josiane ilikuwa kwenye daftari, chini ya kidole changu. Sikupiga. Mimi niliyemhoji padre, mhadhiri, serikali na Mungu, sikuwahi kuhoji mara ishirini zangu mwenyewe.

Alhamisi simu ililia saa tatu kasoro dakika nne.

"Dada, haiandike."

"Zima, uiwashe tena."

"Nimefanya mara ine. Inaniangalia tu."

Nilisimama. Nikamwambia azime, afinye kitufe cha kuwashia sekunde thelathini, aachie, awashe. Nilisikia sauti za watu nyuma yake, mtu akimwambia mwingine anyamaze. Nilisikia vitufe vikigonga.

"Hakuna."

"Tena. Mama, umeme upo? Chaja imeingia?"

"Imeingia. Inawaka taa. Betri peke yake ni kama robo saa, siwezi kuiamini. Niichomoe?"

Nilifikiri. Ndiyo, nilifikiri. Mtihani unachukua saa mbili nzima. Betri ni ya robo saa. Ikizimika katikati, basi.

"Usiichomoe," nikasema. "Hata kidogo."

Akawasha tena, na tena. Kila mara tulihesabu pamoja sekunde thelathini, yeye kwa Kifaransa, mimi kwa Kiswahili. Nikamwambia wakimbie dukani watafute kibodi ya kuchomeka. Mtu alikimbia. Alirudi na kipanya. Saa tatu na dakika kumi na mbili bado tulikuwa tunahesabu. Saa tatu na robo tuliacha kuhesabu, halafu salio la simu aliyoazima likaisha.

Alhamisi hiyo hiyo aliwaandikia wasimamizi wa mtihani kwa simu ya kuazima, akaeleza. Alijibiwa kwa adabu, mistari mitatu. Kila mwombaji nafasi moja.

Jumamosi nilikwenda Misiera. Josiane alinipeleka bila maneno mengi kwenye duka la sola, akaongea na mwenye zamu, akaitoa chaja msumarini. Nilipoiona tu niliijua aina yake: nyepesi kama boksi tupu la kiberiti, pini mbili, haina ya ardhi. Nikaichomeka kwenye inveta ya duka, nikapitisha mgongo wa vidole juu ya mfuniko wa laptop. Ulitekenya, kama sisimizi wanatembea ndani ya ngozi.

"Mnahisi hii?"

"Hiyo?" alisema mwenye zamu. "Zote zinafanya hivyo. Sisi tunasema imeamka."

Wote walikuwa wanaijua dalili. Hakuna aliyejua kwamba ni dalili, na mimi niliyejua sikuwepo kuigusa.

Nikaiwasha mara kumi ikiwa kwenye chaja ile. Mara sita haikuandika. Nikaichomoa, nikawasha mara kumi kwa betri peke yake. Iliandika zote kumi. Nikarudisha chaja: ya kwanza iliandika, ya pili haikuandika.

Niwaeleze, kwa sababu hili mtakutana nalo. Katika laptop nyingi za namna ile, kibodi na kile kibao cha kusugua kwa kidole hukaa nyumba moja, chini ya kidhibiti kimoja. Umeme mchafu unapopanda kutoka kwenye chaja mbaya, kibao hudhani kinaguswa, kinaanza kubwabwaja. Linux inapoamka hubisha hodi na kuuliza: kibodi upo? Inayojibu ni kelele ya kibao. Linux inasubiri kidogo, inaamua kibodi hakuna, inaendelea na safari zake bila kuuliza tena. Siku kelele ikitulia kwa nukta ile ya hodi, kibodi inaitika, na ikishaitika haisumbui mpaka mwisho. Pale mlangoni tu, kama Josiane alivyosema tangu dakika ya kwanza.

Kwa hiyo kosa la namna hii lijaribuni hivi: kwa betri peke yake, kwa chaja ya mteja, kwa chaja yako, na ikiwezekana kwa umeme wa kwao. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, hujajaribu, umejifurahisha.

Niliwaachia chaja ya karakana niliyokuja nayo, wakaitundika kwenye msumari, ile mbovu nikaikata waya. Mwenye zamu alinilalamikia kidogo, akidhani ninawaharibia mali. Chaja niliyoitoa ilikuwa ya Afande, lakini sikumwogopa. Nilipomweleza hakusema, "Nilikwambia." Alisema tu, "Kare. Sasa unajua," na hilo liliuma zaidi. Niliendelea naye miezi minne. Kila mteja akiniuliza kama imepona, nilikuwa nikiiwasha tena badala ya kujibu. Siku moja nilimjibu mwanafunzi kwa ukali hata akachukua laptop yake ikiwa bado imefunguliwa, skrubu mkononi. Hapo nikajua nimemaliza. Sasa ninaishi Kakiika, ninafundisha fizikia kidato cha pili, ambako nikikosea mtihani ninausahihisha.

Lakini ile Jumamosi, baada ya majaribio, ilinibidi nimwambie. Tulikuwa kwake, ameketi kwenye mkeka anachambua maharage, na mimi kwenye kiti pekee kilichokuwepo. Nilimwambia yote kama nilivyowaandikia nyinyi: kibao, kelele, hodi. Alisikiliza akitupa vijiwe kando.

"Kwa hiyo ningechomoa tu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Muda gani?"

"Dakika moja. Mpaka neno la siri liingie. Baada ya hapo ungerudisha."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Alichambua konzi nzima ya maharage kabla ya kusema tena. Nilitaka akasirike. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira njia nzima.

"Kuna mzee mmoja hapa, Papa Déo, katekista wetu," alisema. "Iko na laptop nzuri, ya mtoto wake. Siku ya Jumanne alikuja nayo mpaka hapo mlangoni. Akaniambia, Josiane, chukua hii mpaka Alhamisi jioni, haujui ya kesho. Nikamwambia, merci papa, bakia nayo, yangu imepona. Fundi amesema. Alhamisi asubuhi akaenda nayo Endiinzi kwenye kazi zake."

Sikujua kuhusu Papa Déo. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu zote za lawama bila yeye.

"Ungeniambia haujui," Josiane alisema. "Mimi nilikuwa muuguzi, dada. Nimeambia watu mingi sijui. Hawakufe kwa hiyo."

Akasimama, akapeleka maharage jikoni. Alirudi na sahani ya yale yaliyopikwa asubuhi, na bugali, ugali wa kwetu, akaniwekea magotini. "Kula. Njia ni ndefu."

Sikuwa na njaa. Nilikula yote, mpaka chini ya sahani, kwa sababu kukataa kungemlazimu aanze kunifariji.